Kamba ya Wageni

Ukitaka kutalii bila wasiwasi, njoo kwetu. Jina la nchi silitaji, maana Wizara haijanipa ruhusa, na mimi si mtu wa kujitafutia makubwa. Ila ukifika utaijua. Ni ile nchi ambayo ukishuka tu kwenye ndege unapigiwa tarumbeta, unavishwa shada la maua, na unaambiwa kwamba hapa hakuna mgeni aliyewahi kuumia tangu Wizara ilipoacha kuhesabu.

Mimi ni mpiga picha wa darajani. Kila siku nasimama mwanzo wa Daraja la Urafiki, lile la kamba na mbao linaloning'inia juu ya korongo la mto Kereza, nawapiga wageni picha kabla hawajavuka. Watu huniuliza kwa nini kabla na si baada. Nawajibu kwamba kabla ya kuvuka wageni huwa wanacheka, na picha nzuri ni ya mtu anayecheka.

Zamani korongoni kwetu kulikuwa na vibao vyekundu vilivyoandikwa HATARI. Kimoja kilikuwa hapo hapo darajani, kimoja kwenye ukingo wa mawe yanayoteleza, kingine pale mamba wanapoota jua. Na kila mwaka, pamoja na vibao vyote hivyo, mgeni mmoja au wawili walipatwa na mabaya. Mheshimiwa Waziri wa Wageni akaunda Tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikalala kwenye hoteli zote, ikala vizuri, ikarudi na jibu lililotushangaza sisi tusiosoma: kila ajali ilitokea palipokuwa na kibao cha HATARI. Haikupatikana hata moja iliyotokea mahali pasipo na kibao.

"Ndugu wananchi," Waziri akatuhutubia uwanjani, akifuta jasho kwa leso ya rangi ya taifa, "leo adui tumemjua! Miaka yote hii tumekuwa tukiipanda hatari kwa mikono yetu wenyewe, kwa rangi nyekundu, kwa gharama ya serikali! Mgeni wa watu anakuja na amani yake. Anasoma kibao. Miguu inamtetemeka. Anaanguka. Nani kamwangusha? Kibao! Basi neno hilo mimi nimelitamka leo kwa mara ya mwisho, na atakayelitamka mbele ya mgeni, nitamhesabu kuwa ndiye aliyemsukuma."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Vibao viling'olewa vyote, na katika mashimo yale yale vikasimikwa vingine, vya kijani kibichi, vyenye neno moja jeupe la kupendeza: KARIBU.

Waongozaji wa wageni wakapelekwa semina. Wakafundishwa kwamba mwongozaji akiona mgeni anaelekea kubaya, amwambie "karibu." Akiona anaelekea kubaya zaidi, amwambie "karibu sana." Waliouliza maswali walitafutiwa kazi nyingine, mbali na watu. Waliobaki wakaapishwa, mkono kifuani, na mimi ndiye niliyewapiga picha. Walitoka vizuri, ila hakuna aliyecheka.

Kikosi cha Uokoaji nacho kilikaa bila kazi, kwa kuwa sasa, kwa mujibu wa Wizara, hapakuwa tena na mtu wa kuokolewa. Wale vijana waliozoea kuteremka majabali wakapewa matarumbeta na ngoma kubwa moja, wakawa Kikosi cha Mapokezi. Kamba zao ndefu zikakatwakatwa, zikatundikiwa bendera ndogondogo kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Ukipita utaziona, zinapendeza.

Na nitaje jambo moja zaidi, maana ndilo lililotutoa jasho siku ile ninayotaka kuwasimulia. Chini kabisa, korongo linapoishia, ipo Hoteli ya Taifa. Wageni wake walilalamika kwamba mto Kereza ni mwembamba, haupigiki picha. Serikali haitaki mgeni anung'unike. Ikajenga bwawa huko juu, na kila siku, ikifika saa ya wageni kunywa chai, king'ora kinalia na milango ya bwawa inafunguliwa, ili wanywe chai wakitazama maporomoko. Maji hupita chini ya daraja letu yakiwa yamelijaza korongo ukuta kwa ukuta. Chai ikiisha, maporomoko yanafungwa.

* * *

Mwongozaji wa daraja letu aliitwa Kisinda. Kijana mrefu, mpole, mwenye shati la kijani la Wizara ambalo mama yake alilipiga pasi kila asubuhi. Mama yake ni Bi. Nyange, ambaye hukaanga mihogo hatua chache kutoka ninaposimama mimi. Mume alimkimbia zamani. Alimlea Kisinda kwa karai lile lile, peke yake, na hakuwa na mwingine. Pale darajani sote tunawajua, na sote tumekula mihogo yake kwa mkopo.

Asubuhi hiyo Kisinda aliondoka nyumbani amechelewa, hakunywa hata chai. Akawaleta wageni wawili, wazee wastaafu kutoka nchi jirani: Mzee Mwakio, mtu mwembamba mwenye haraka, na mkewe Mama Mghoi, aliyekuwa mwalimu. Watoto wao walikuwa wamechanga kuwatembeza. Wanasema Kiswahili safi kama sisi, na huo ndio uliokuwa msiba wao. Mgeni asiyejua lugha huangalia uso wa mwongozaji. Anayejua lugha husikiliza maneno.

Niliwapiga picha. Walicheka. Bi. Nyange akawauliza kama wangependa mihogo, pilipili ya kiasi gani, wakasema wangekula wakirudi.

Sasa, katikati ya daraja kulikuwa na ubao uliooza. Kisinda aliujua. Desturi yake ilikuwa kutangulia, akifika pale ananyoosha mkono na kuwarusha wageni juu ya ubao huo kwa vicheko, wakidhani ni sehemu ya burudani. Lakini Mzee Mwakio alikisoma kibao cha kijani, akafurahi, akatangulia yeye.

"Karibu, mzee!" Kisinda akaita kutoka nyuma.

"Ahsante, mwanangu, nimeshakaribia!"

"Karibu sana, mzee! Karibu sana!"

"Nakuja, nakuja!"

"Mzee, nakuomba, karibu sana! Karibu mno!" Sauti ya Kisinda ilikuwa imepanda, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa anakimbia, daraja linayumba.

"Vijana wa huku wana adabu," Mama Mghoi akaniambia, akitabasamu.

Ubao ukakatika. Mzee Mwakio akapotea machoni petu, kofia yake ikabaki darajani.

Mungu ana watu wake. Hakufika mtoni. Alishikwa na jiwe moja pana linalojitokeza kama kibaraza, chini kabisa, karibu na maji. Tukachungulia. Alikuwa hai, amekaa, mguu mmoja umeelekea upande ambao miguu haielekei. Alikuwa anaita jina la mkewe. Lakini jiwe lile tunalijua sote. Saa ya chai ya wageni, huwa halionekani.

Kisinda akarudi mwanzo wa daraja, akavua viatu.

"Si ungemwambia, mwanangu?" Bi. Nyange akamwuliza.

"Nilimwambia karibu sana, mama."

"Hilo nalo ni neno la kumwambia mtu anayekufa?"

"Ningesema lile lingine, mama, wangenichukua. Wewe ungebaki na nani?"

Kijana akashika mizizi ya mti uliokuwa ukingoni, akaanza kuteremka ukutani. Mimi niliogopa hata kutazama. Ile mizizi ilimshikilia karibu njia nzima, na alipobakiza kidogo tu ikang'oka, akaangukia magoti juu ya jiwe. Akainuka. Akavua shati lake la Wizara, akamfunga mzee mguu. Sasa walikuwa wawili pale chini, na ukuta mtupu mbele yao.

* * *

Afisa wa Ukarimu wa Wilaya, Bwana Tasfida, alifika haraka, hilo sikatai. Alikuja na matarumbeta yote, maana hicho ndicho kikosi alichokuwa nacho.

"Hongera, mama mgeni," akamwambia Mama Mghoi. Neno "pole" wakati huo lilikuwa linachunguzwa na Wizara.

"Hongera ya nini? Mume wangu ameanguka!"

Bwana Tasfida akafumba macho, kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Kwetu wageni hawaanguki, mama. Ameteremka."

"Kwa kichwa?"

"Kila mgeni ana mtindo wake, na sisi tunauheshimu."

"Bwana we! Mguu umevunjika, maji yanakaribia kufunguliwa, mtu yuko kwenye ha—"

Puu! Ngoma kubwa ikalia sikioni mwake, neno likamezwa. Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya mpiga ngoma, na kwamba zamani alikuwa ndiye hodari wa kikosi kwa kuteremka majabali. Alipiga bila kututazama.

Mama Mghoi alijaribu tena mara mbili, na mara mbili ngoma ikalia. Lakini alikuwa mwalimu, na alishafundisha madarasa magumu kuliko lile. Akavuta pumzi.

"Haya. Mume wangu amekaribishwa."

"Vizuri sana!" Bwana Tasfida akang'aa uso.

"Amekaribishwa kupita kiasi. Amekaribishwa mguu mzima. Akizidi kukaribishwa hivi, saa ya chai atakaribishwa moja kwa moja."

"Haya ndiyo tunayopenda kuyasikia! Wenzako huondoka bila kusema lolote."

"Nakuomba, baba. Piga simu huko bwawani, wasifungue maji leo."

"Mama, pale hotelini kuna ujumbe mzima wa wageni, wamekwisha kalishwa, vikombe viko mezani. Niwanyime maporomoko? Utasema sisi ni watu gani?"

"Basi nipatie kamba."

"Kamba zipo, tena imara. Zimetundikwa bendera za taifa." Akashusha sauti. "Mtu wa kushusha bendera ya taifa, mama, mimi simjui, na wewe usijifanye unamjua."

Nikatazama chini. Kisinda alikuwa amemwegemeza mzee kifuani pake, anamsemesha. Mama yake alikuwa ameacha karai linaungua. Alisimama ukingoni, kanga ameishika kwa meno. Roho iliniuma, na nikajua kwamba haiwezi kunisaidia kitu.

"Sasa mtamwacha pale mpaka lini?" Mama Mghoi akauliza.

"Mgeni hawekewi mpaka," Bwana Tasfida akajibu kwa upole. "Madhali ana kibali chake, hakuna mtu katika nchi hii mwenye haki ya kumwondoa mahali anapofurahia."

"Na asipokuwa na kibali?"

Bwana Tasfida akacheka. "Aa, hapo si mgeni wangu tena. Hiyo ni Idara ya Kuondoa Watu. Wale hawana mchezo, mama. Wana magari, wana kamba mpya, wana machela. Mtu asiye na kibali hata akijificha tumboni mwa mamba watamtoa, wampeleke mpakani akiwa amekauka." Aliyasema hayo kwa fahari, na ana haki, maana Idara ile ndiyo pekee kwetu inayofika kabla hujamaliza kuiita.

Mama Mghoi akafungua mkoba, akatoa kibali cha mumewe chenye muhuri wa dhahabu, akakichana. Akakichana tena. Vipande akavirusha korongoni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Sasa hana," akasema. "Waite."

* * *

Nadhani vipande vile vilikuwa havijafika mtoni Idara ilipofika. Magari matatu meupe yakasimama kwa vumbi. Wakashuka vijana wenye mabuti, wakafunga kamba kwenye gari la mbele, wakateremsha machela. Sijawahi kuona watu wa serikali wanafanya kazi vizuri namna ile. Inspekta wao akashika kipaza sauti, akainama ukingoni.

"Wewe uliye chini! Upo nchini kinyume cha sheria! Usijaribu kukimbia!"

Mzee Mwakio akajibu kwamba hatajaribu.

Wakamvuta. Alipofika juu wakamfunga pingu kwenye machela, na papo hapo mganga wa Idara akamnyoosha mguu na kumpa dawa ya maumivu, maana kwa sheria yao mtu anayefukuzwa lazima akabidhiwe mpakani akiwa mzima. Mama Mghoi akamwangukia mumewe akalia kwa sauti. Yeye mwenyewe akachana kibali chake bila hata kuombwa, ili wasitenganishwe.

Huko juu bwawani king'ora kikalia. Vijana wa Idara wakaanza kukunja kamba.

"Bado mmoja!" Mzee Mwakio akapiga kelele. "Kuna kijana! Amenishikilia muda wote huu!"

Inspekta akachungulia. Alimwona mtu kifua wazi, amesimama juu ya jiwe, anatazama juu. "Huyo ni nani?"

Bwana Tasfida naye akachungulia. Kila mwezi alikuwa anampa Kisinda mkono na kumwambia kwamba taifa linamtegemea. Lakini waongozaji alikuwa anawatambua kwa shati.

"Simfahamu," akasema, "ila ni mwananchi, huyo."

"Umejuaje?"

"Mtazame. Anakaribia kufa maji, na hapigi kelele."

Inspekta akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi siwezi. Kamba hii ni ya wageni. Idara yangu inaondoa watu wasiokuwa na haki ya kuwa hapa. Huyu ana haki zote za kuwa pale alipo."

Nilisikia maji. Yalikuwa bado mbali, lakini mtu wa Kereza huyasikia kwa miguu kabla ya masikio.

"Nani kasema ni mwananchi?" Mama Mghoi akainuka, macho mekundu. "Ni wa kwetu! Tumekuja naye!"

"Kibali chake kiko wapi?"

"Hana."

"Amekipoteza?"

"Hajawahi kuwa nacho maisha yake yote!" Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Inspekta akafikiri. Akachukua tena kipaza sauti. "Wewe uliye chini! Raia wa wapi?"

Kisinda hakujibu. Maji ya kwanza yalikuwa yameshafika, yanamlowesha miguu. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu kati yetu sisi tuliopanga safu pale juu, na alipompata akatulia, akamwangalia. Bi. Nyange akatikisa kichwa kwa nguvu, kumwambia aseme.

Lazima nieleze, kwa wasiojua sheria zetu. Anayeondolewa na Idara harudi. Jina lake linafutwa, na akionekana tena anahesabiwa adui. Na sisi wananchi hatupewi vibali vya kutoka kwenda kumtembelea mtu, maana nani mwenye akili timamu atataka kutoka katika nchi salama namna hii? Kwa hiyo neno alilotakiwa kulitamka Kisinda lilikuwa la kumtenga na mama yake milele, na mama huyo ndiye aliyekuwa anamwomba alitamke.

"Raia wa wapi wewe?"

"Si wa hapa!" Kisinda akalia. "Mimi si wa hapa!"

"Maneno matupu hayatoshi," Inspekta akasema. "Kanuni inasema mgeni ni mtu ambaye wenyeji hawamjui." Akatugeukia. "Wewe wa kamera. Unamjua?"

Ningewezaje kumjua? Nilimpiga picha ya ubatizo, nikampiga picha ya kumaliza shule, juzi tu nimekula kwao. "Sijawahi kumwona, afande," nikasema. Akawauliza wauza kofia, wakasema hawamjui. Akamwuliza mpiga ngoma, naye akajibu kwa sauti kubwa kwamba hamjui, akisema kwa mara ya kwanza siku hiyo. Darajani kwetu, ambapo hata kuku wa mtu anajulikana kwa jina, hakupatikana aliyemjua.

Kisha Inspekta akamwona Bi. Nyange.

"Wewe mama upo hapa kila siku na karai lako. Sema kweli. Huyu ni mtu wa hapa?"

Bi. Nyange akaitoa kanga mdomoni. Maji yalikuwa yamefika magotini pa kijana.

"Simjui," akasema.

"Una uhakika?"

"Simjui, baba. Sijui kazaliwa wapi. Sijui kalelewa na nani. Sijui hata mama yake ni nani. Mteremshieni kamba."

Wakateremsha. Maji yalikuja yote kwa pamoja wakati ameshaning'inia kwenye kamba, yakalifunika jiwe, yakamlamba miguu, na vijana wa Idara wakavuta wakiimba wimbo wao wa kazi, mpaka wakamtupa majanini mbele yetu, anatapika maji, mzima. Pingu ikamwingia mkononi kabla hajafungua macho.

Huko hotelini, nasikia, wageni walipiga makofi. Maporomoko ya siku hiyo yalikuwa mazuri.

* * *

Bwana Tasfida hakukubali tukio kubwa kama lile lipite bila hotuba. Akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu wananchi! Leo wageni watatu wanatuaga. Waliingia wawili, wanatoka watatu! Nionyesheni nchi nyingine duniani ambako utalii unakua kwa kasi hiyo ndani ya siku moja!"

Matarumbeta yakalia. Wale wazee na Kisinda walikuwa wameshaingizwa ndani ya gari lenye nondo madirishani. Mzee Mwakio amelazwa, mkewe amemshika Kisinda bega. Kisinda alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kumpungia mkono, nikakumbuka kwamba simjui, nikautia mkono mfukoni.

Bi. Nyange akamsogelea Inspekta.

"Afande, yule wa mwisho apewe mihogo njiani. Hajala tangu asubuhi."

Matarumbeta yalikuwa yamemaliza, na maneno yale yakasikika mpaka ng'ambo.

"Umejuaje kwamba hajala," Inspekta akauliza polepole, "na humjui?"

Bi. Nyange alisimama. Akaikaza kanga kiunoni. "Miaka yote nauza chakula, afande," akasema. "Mtu mwenye njaa namwona kwa shingo."

Inspekta akageuka akaitazama shingo ya Kisinda kwa muda. Bwana Tasfida akaruka kutoka juu ya jiwe lake.

"Mnaona? Mnaona, jamani? Huo ndio ukarimu wa nchi yetu! Mwananchi wa kawaida, hana elimu, na njaa ya mgeni anaijua kuliko mgeni mwenyewe! Mruhusu, afande, mruhusu. Tena ampe kwa mkono wake."

Bi. Nyange akarudi kwenye karai. Akachagua vipande, akavigeuza, akavirudisha, akachagua vingine vilivyoiva bila kuungua. Kila mgeni huwa anamwuliza anataka pilipili kiasi gani. Huyu hakumwuliza. Akatia nyingi, akakamulia limau, akafunga kwenye gazeti, akaenda mpaka dirishani akakipitisha kifurushi kati ya nondo kwa mikono miwili. Kisinda akapokea kwa mikono miwili, pingu zikigonga chuma.

"Shika, mgeni," Bi. Nyange akasema.

"Ahsante, mama."

Nikamtazama Inspekta, nikamtazama Bwana Tasfida. Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke anayekuuzia chakula utamwita nani kama si mama? Mgeni mwenye heshima zake ndivyo anavyotakiwa kusema.

"Ahsante sana, mama," Kisinda akasema tena, kwa sauti zaidi, na gari likaanza kuondoka.

"Adabu hiyo amejifunza hapa," Bwana Tasfida akatuambia, akipunga mkono.

Kijana alikuwa amebana uso kwenye nondo. "Mama!" akaita. "Mama! Ahsante, mama!" Akaendelea kuita hivyo, kila mtu anasikia, mpaka gari likakata kona, na hakuna kifungu chochote cha sheria kilichovunjwa.